Namna ya Kueleza Sherehe kwa Vivumishi: Mwongozo kwa Waandishi wa Nyanda za Juu Kusini

Katika kila mtaa wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songea yupo mtu ambaye, sherehe ikishapita, huombwa aandike. Huyu ni katibu wa kamati ya harusi anayepaswa kuwashukuru waliochanga, yule ni mwanafunzi wa kidato cha pili aliyepewa insha ya sikukuu, mwingine ni mtangazaji wa redio ya wilaya anayesoma habari za mahafali, au kijana wa kanisani anayeandaa taarifa ya jubilei ya kwaya. Karatasi zao mara nyingi hufanana: sherehe ilikuwa nzuri sana, ilikuwa kubwa sana, ilifana sana, tena ilikuwa ya aina yake. Msomaji akimaliza hajui kama ndoa ilifungwa Tukuyu kwenye mvua au Mafinga kwenye baridi, wala kama walioalikwa walikuwa hamsini au elfu moja. Mwongozo huu unaeleza, hatua kwa hatua, namna ya kupata kivumishi kinachofanya kazi, kukipatanisha na nomino yake na kukiweka mahali pake.

Hatua ya kwanza: Kusanya nomino kabla ya kutafuta sifa

Waandishi wengi hudhani kwamba wamepungukiwa na vivumishi, kumbe wamepungukiwa na vitu vya kuvumisha. Neno moja, "sherehe", hubebeshwa sifa zote, na kwa kuwa ni neno pana mno, hakuna sifa inayolishika sawasawa. Kwa hiyo chukua karatasi, uigawe kwa mstari katikati, na upande wa kushoto uorodheshe vitu ulivyoviona, ulivyovisikia, ulivyovinusa na ulivyovionja: maturubai, ukungu, matarumbeta, wali, sare za vitenge, mshereheshaji, vigelegele, foleni ya watoa zawadi. Upande wa kulia kipe kila kitu kivumishi kimoja kinachokifaa, na kile kinachokosa kivumishi kiache kilivyo, kwa sababu si lazima kila nomino ipambwe.

Nyanda za juu zina utajiri wa vitu vya namna hii, na ni jambo la kusikitisha kuona mwandishi wa Iringa anaeleza harusi ya kwao kwa maneno ambayo yangeweza kuandikwa na mtu wa mji wowote. Juni na Julai huku kuna baridi kali, na mara nyingi asubuhi huwa na ukungu mzito. Yote mawili huamua wageni wamevaa nini na wameketi wapi. Ulanzi wa Iringa na Njombe, unaogemwa kutoka kwenye mianzi michanga wakati wa mvua, huwa mtamu ukiwa mbichi na huwa mkali ukishachacha, na mwandishi anayesema tu kwamba "vinywaji vilikuwa vizuri" amelitupa jambo ambalo kila mzee aliyekuwapo alilizungumzia. Wali uliopikwa kwa mchele wa Kyela una harufu inayotambulika kabla sahani haijafika. Ngoma nazo hazifanani: ing'oma ya Wanyakyusa ina mdundo mzito, mapenenga ya Kyela yana sauti ya vibuyu vinavyopulizwa, na lizombe la Wangoni wa Songea lina vishindo vyake. Ukiandika "ngoma za asili zilipendeza" umezifanya zote kuwa ngoma moja.

Hatua ya pili: Ijue ngeli ya tukio lenyewe

Kivumishi cha Kiswahili humfuata bwana wake, yaani nomino, na matukio ya furaha yametawanyika katika ngeli nyingi, yaani makundi ya nomino. Sherehe, harusi, hafla, karamu, dhifa na sikukuu ziko katika ngeli ya I-ZI (sherehe inafana, sherehe zinafana), na kwa sababu ni maneno yanayotumika kila siku, waandishi huzoea umbo lake na kulihamishia kila mahali. Ndipo tunaposoma "tamasha nzuri", "mahafali nzuri" na "maonesho kubwa", hata katika mabango yaliyochapishwa kwa gharama. Tamasha ni la ngeli ya LI-YA, kwa hiyo tunasema tamasha zuri, tamasha jipya, tamasha jingine, na wingi wake ni matamasha mazuri, matamasha mapya, matamasha mengine. Mahafali, maadhimisho, maonesho na maandamano huchukua upatanisho wa YA: mahafali mazuri, maadhimisho makubwa, maonesho mapya, maandamano marefu. Mkesha ni mrefu na mikesha ni mirefu. Ubatizo, uzinduzi na unyago, vilevile ukumbi na uwanja, huchukua m- katika umoja, kama katika uzinduzi mkubwa na ukumbi mpana, ingawa katika wingi tunasema kumbi pana na viwanja vipana.

Watu wana sheria yao. Bibi harusi, bwana harusi, shemeji na kiongozi, bila kujali umbo la neno, hupokea kivumishi cha ngeli ya A-WA: bibi harusi mtulivu, kiongozi mkarimu, mashemeji wachangamfu. Hapa pana mtego mmoja unaostahili kutajwa kwa sababu hotuba za harusi hujaa majina ya undugu. Kimilikishi (-angu, -etu na wenzake) cha majina mengi ya undugu, kama shemeji na shangazi, hubaki katika umbo la I-ZI, ilhali kivumishi cha sifa hufuata A-WA, kwa hiyo sentensi sahihi ni "shemeji yangu mchangamfu" na "shangazi zetu wakarimu". Wapo wanaodhani kwamba maumbo hayo mawili yanagongana na kujaribu kuyasawazisha, waache yalivyo.

Hatua ya tatu: Patanisha kwa makini, hasa rangi

Shina la kivumishi linapoingia katika ngeli ya I-ZI hubadilika kulingana na sauti yake ya kwanza. Refu huwa ndefu, zuri huwa nzuri, baya huwa mbaya, zito huwa nzito, lakini mashina yanayoanza na k, t, p, ch au f hayaongezwi kitu: karamu kubwa, nyimbo tamu, siku chache, hotuba fupi. Pya ni la pekee kwa kuwa lina silabi moja, nalo huwa mpya. Ema huwa njema, na neno hili limejipatia makazi yake katika salamu: tunatakiana Krismasi njema, Idi njema, Pasaka njema, lakini tunapotoa hukumu juu ya sherehe iliyopita tunasema ilikuwa nzuri.

Mashina yanayoanza na irabu ndiyo yanayowapa watu taabu, na harusi imejaa weupe, kwa hiyo hakuna mahali pazuri pa kujifunzia kuliko hapo. Gauni ni jeupe, magauni ni meupe, shela ni nyeupe, kitambaa cha meza ni cheupe, vitambaa ni vyeupe, ua ni jeupe, maua ni meupe, ukuta wa kanisa ni mweupe, mgolole ni mweupe na migolole ni myeupe. Mwenye kuyaweza hayo ataweza pia -ekundu na -eusi, kwa sababu kanuni ni ileile. Rangi nyingine zote huja kwa njia ya a-unganifu (ya, za, la, cha na wenzake): sare ya kijani, sare za rangi ya zambarau, mapambo ya rangi ya dhahabu. Usiandike "mapambo mazambarau". Kamati nyingi siku hizi huchagua rangi mbili na kuzitangaza kwenye kadi, na rangi hizo ni taarifa yenye thamani. Mwandishi azitaje kwa majina yake kuliko kusema kwamba mapambo "yalivutia macho".

Kuna vivumishi ambavyo havibadiliki hata kidogo, vingi vikiwa na asili ya Kiarabu: safi, rasmi, maalumu, maridadi, nadhifu, hodari, bora, adimu, ghali, kamili. Mavazi ni nadhifu, wapiga ngoma ni hodari, ukumbi ni maridadi. Katika kundi hili "rasmi" ina kazi ya pekee. Mgeni rasmi ni cheo cha siku hiyo, wala hakisemi lolote kuhusu tabia yake, kwa hiyo usiseme "mgeni rasmi sana" ukitaka kuonesha kwamba alikuwa mtu mkubwa.

Hatua ya nne: Tenganisha kinachoainisha na kinachosifu

Vivumishi vya a-unganifu viko vya namna mbili, na kuvichanganya huharibu taarifa nyingi. Vya kwanza huainisha: maonesho ya kitaifa, maonesho ya kanda, ndoa ya kikristo, ngoma ya kimila, hafla ya kuchangisha fedha. Hivi ni ukweli unaoweza kuthibitishwa. Maonesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya ni mfano mzuri. Kila Agosti wakulima na wafugaji wa kanda hii hukutana hapo, lakini mwaka 2022 na mwaka 2023 maadhimisho yaliyofanyika hapo yalikuwa ya kitaifa. Vivyo hivyo, Mei Mosi ya kitaifa ilifanyika Iringa mwaka 2018 na Mbeya mwaka 2019. Neno "kitaifa" katika sentensi hizo halina sifa ndani yake. Ni habari, na haliongezewi "sana" wala "mno".

Vya pili husifu: ya kusisimua, ya kupendeza, ya kifahari, ya kukata na shoka, ya aina yake, ya kihistoria. Hivi vitumie kwa ubahili. "Ya aina yake" imechoka kabisa, na "ya kihistoria" ifaa itunzwe kwa jambo ambalo kweli limeingia katika historia. Ukiona umeandika "ya kifahari", jiulize ni kitu gani kilichokufanya useme hivyo, kisha uandike kitu hicho: kumbe ni taa, au ni keki ya ngazi saba, au ni magari. Mara nyingi ukishakitaja, "ya kifahari" huwa haina kazi tena.

Kundi la tatu, nje ya a-unganifu, ni virejeshi, ambavyo ni vivumishi vyenye wakati ndani yake. Tunasema tamasha lililofana, mahafali yaliyofana, mkesha uliofana, sherehe zilizofana, na tofauti yake na vivumishi vingine ni kwamba husema tukio limekwisha, linaendelea au linakuja. Kadi ya mwaliko haiwezi kusifu kitu ambacho hakijatokea, kwa hiyo lugha yake ni "hafla itakayofanyika". Taarifa ya kamati, kinyume chake, inazungumzia "hafla iliyofanyika". Wapo washereheshaji wanaofungua shughuli kwa kuiita "sherehe hii iliyofana" hata kabla keki haijakatwa. Ni tabia ya kutaka kupendeza, lakini wasikilizaji huiona.

Hatua ya tano: Kiweke kivumishi karibu na anayekimiliki

Hapa ndipo ngeli inapomlipa mwandishi aliyeijali. Tazama maneno haya mawili: "gauni la bibi harusi jeupe" na "gauni la bibi harusi mweupe". La kwanza linaeleza rangi ya gauni, la pili linaeleza rangi ya bibi harusi, na tofauti yote imebebwa na silabi moja. Vivyo hivyo "kikapu cha zawadi kikubwa" ni kikapu kikubwa, ilhali "kikapu cha zawadi kubwa" kinaweza kuwa kidogo lakini kimebeba kitu cha thamani. Nomino zote mbili zikiwa za ngeli moja, upatanisho hauwezi kukusaidia: katika "sherehe ya harusi kubwa" hakuna ajuaye kilicho kikubwa ni kipi. Sogeza kivumishi kifuate nomino yake mara moja na useme "sherehe kubwa ya harusi".

Vivumishi vikiwa vingi, utaratibu unaosomeka vizuri ni kuanza na kimilikishi au kioneshi, kisha sifa, kisha idadi, na a-unganifu mwishoni: "ngoma zetu kubwa tatu za kimila", "matarumbeta yale makubwa mawili ya kanisani". Utaratibu huu hulegezwa pale mwandishi anapotaka kutilia jambo mkazo, lakini asiulegeze bila sababu. Kwa maoni yangu, nomino moja isibebe sifa zaidi ya mbili. Ya tatu na ipelekwe katika kitenzi au katika sentensi inayofuata.

Angalia pia kwamba kitenzi hakivumishwi kwa kivumishi. Wachezaji hucheza vizuri, hawachezi wazuri. Ukumbi hupambwa vizuri nao ukawa mzuri.

Hatua ya sita: Pima nguvu ya maneno

"Sana" ni neno jema lililofanyishwa kazi kupita uwezo wake. Kiswahili kina njia nyingine za kuongeza nguvu, na zilizo tamu kuliko zote ni tanakali, yaani maneno yanayoiga sauti au hali: shela nyeupe pe, kitenge chekundu pyu, uwanja uliojaa pomoni, ukumbi uliokuwa kimya jii wakati mzee anatoa nasaha. Zinafaa katika insha, katika hotuba na katika redio, ingawa katika taarifa ya mapato na matumizi ya kamati zitaonekana kama mzaha. Takriri, yaani kurudia neno, haiongezi nguvu hapa, bali hugawa: "zawadi ndogo ndogo" ni zawadi nyingi na kila moja ni ndogo, "vikundi vidogo vidogo vya ngoma" vimetawanyika uwanjani. Ukilinganisha, tumia "kuliko" na utaje unacholinganisha nacho. Kusema kwamba maonesho ya mwaka huu yalikuwa "makubwa zaidi", bila kusema zaidi ya nini, ni kuahidi jambo bila kulitoa.

Hatua ya saba: Tazama heshima ya tukio na ya wenyeji

Si kila maadhimisho ni ya kushangilia. Songea huwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, na ingawa siku hiyo huweza kuwa na ngoma, gwaride na umati mkubwa, vivumishi vya harusi havifai hapo. Maneno kama -zito, -tulivu, -a heshima na -a kumbukumbu ndiyo yanayobeba siku ya namna hiyo. "Shamrashamra za kukata na shoka" zitawaudhi wazee waliohudhuria, na watakuwa na haki.

Katika sherehe za familia, tatizo kubwa ni namna ya kueleza udogo bila kudharau. Usimwandikie mwenyeji kwamba harusi yake ilikuwa "ya kawaida" au "duni", na ujihadhari na viambishi vya udogo, kwa maana "kijisherehe" ni kejeli, na "kiharusi", kama kila mtu ajuavyo, ni ugonjwa. Sherehe iliyohudhuriwa na watu arobaini inaweza kuitwa sherehe fupi, tulivu, ya kifamilia, isiyo na makuu, na maneno hayo yote ni ya kweli na ya adabu. Kwa upande mwingine, ikiwa taarifa ni ya ndani ya kamati na jambo lilikwenda kombo, sema wazi kwamba hotuba zilikuwa ndefu kupita kiasi au kwamba chakula kilikuwa kichache, kwa kuwa kamati ijayo itahitaji kulijua hilo. Miili ya watu iachwe kabisa. Mzee anaweza kuitwa mchangamfu, mcheshi au mwenye sauti nene, na hayo yanatosha.

Hatua ya nane: Andika, kisha upunguze

Tuchukue rasimu ya kawaida: "Harusi ilikuwa nzuri sana na kubwa. Watu walikuwa wengi, mapambo yalikuwa mazuri, chakula kilikuwa kizuri na ngoma ilikuwa nzuri." Upatanisho hauna kasoro hata moja, na hakuna kinachoonekana. Mwandishi akirudi kwenye orodha yake ya vitu, anaweza kuandika hivi:

"Ndoa ilifungwa asubuhi yenye ukungu mzito, katika kanisa dogo la matofali mekundu nje kidogo ya Tukuyu. Matarumbeta matano ya kanisani, yenye sauti iliyosikika hadi barabara kuu, yaliwatangulia maharusi kwenda nyumbani kwa baba wa bwana harusi, ambako maturubai mawili meupe yalikuwa yamefungwa kando ya migomba mirefu. Mama wakubwa na shangazi, waliovaa sare za vitenge vya rangi ya zambarau, walitupokea kwa vigelegele vikali visivyokatika. Tulikula wali wa mchele wa Kyela, ndizi laini zilizopikwa kwa nyama, na chai nzito ya maziwa. Nasaha za mshenga zilikuwa fupi na zenye utani mwingi."

Neno "nzuri" halimo, "sana" halimo, wala "sherehe" halikuhitajika. Migomba na ukungu vimetaja wilaya, vigelegele vimetaja furaha, na chai nzito imetaja baridi bila kuitaja.

Rasimu yako ikiwa tayari, pigia mstari kila kivumishi na uulize maswali mawili. La kwanza: je, kivumishi hiki kinaweza kuhamishiwa kwenye harusi nyingine yoyote bila kuwa uongo? Kama jibu ni ndiyo, kifute au ukibadilishe. La pili: je, kimepatana na nomino yake, hata pale nomino ilipoachwa sentensi moja nyuma? Mwandishi huanza na "tamasha" mstari wa kwanza, na mstari wa tatu anasahau na kuandika "ilikuwa kubwa", ilhali alipaswa kuandika "lilikuwa kubwa". Kosa hili hupita macho ya wengi kwa sababu sikio limezoea "sherehe ilikuwa kubwa".

Mwisho, angalia tahajia ya maneno machache ambayo huandikwa vibaya kwenye kadi na mabango: ni "maalumu", si "maalum", ni "muhimu", si "mhimu". "Maonesho" na "maonyesho" yote hutumika, ila chagua moja na ulishike katika andiko zima. Kazi hii ifanywe kabla karatasi haijapelekwa kwa mchapaji, maana kadi mia tatu zenye "tamasha kabambe na nzuri" hazirekebishiki kwa kalamu.